Nimeifuta ile video ya kuongeza spidi

Jana usiku nimeifuta video yangu iliyotazamwa kuliko zote. Mnaonifuata tangu zamani mwaijua: ile ya dakika nne, ya kuongeza spidi ya intaneti kwenye kompyuta bila kulipa shilingi. Wengine mshaniandikia kuuliza iko wapi. Haiko, na hairudi. Sikuripotiwa na mtu, wala si mambo ya hakimiliki. Nimeifuta manake nilichosema mle ndani si kweli, na hicho kisicho kweli kimenirudia mpaka kwangu, kikanifanya nimkosee mtu mzima ambaye hakunikosea kitu.

Hii itakuwa ndefu. Tieni chai.

Twakaa Mji wa Kale, nyumba ya zamani ya ghorofa mbili, kuta za matumbawe na chokaa, nene kama urefu wa mkono. Waliojenga walijua walichofanya, ndani ni baridi hata mwezi wa pili jua likiwa kali. Lakini hawakuifikiria waifai. Ruta iko kwenye kipandio cha ngazi, katikati ya kwetu na kwa jirani wa chini, na mpaka mawimbi yafike chumbani kwangu juu kabisa, yashachoka. Huyo jirani ni mama mmoja ninayemwita khalati, ingawa si wa damu. Amenibeba nikiwa mchanga. Kifurushi ni cha megabiti 30, bili twagawana nusu kwa nusu, miaka miwili sasa, hakuna karatasi wala nini.

Wakati ninarekodi ile video nilikuwa natumia kidude cha waifai cha kuchomeka kwenye USB. Hilo likumbukeni. Mwezi wa kwanza mwaka huu nikachoka na kile kidude, nikanunua waya wa mtandao wa mita 20, nikaupitisha ngazini mpaka kwenye tundu la nyuma ya kompyuta yangu ya mezani, ex-UK, ile mnayoiona nyuma yangu kwenye video. Nilidhani sasa mambo yamekwisha. Waya ni waya.

Ikawa kinyume. Kurasa ndogo zafunguka, ujumbe waenda, ukiangalia juu juu wasema mtandao uko sawa. Lakini ukiipa mzigo, kasheshe. Video ya giga 4 yaanza kupanda vizuri, yafika asilimia 10, yaanza kujikokota, yasimama, yakatika. Nilikuwa nalala na kuamka nikikuta imesimama pale pale nilipoiacha. Kuna kazi moja ya kulipwa ya mteja wa Nairobi, nilichelewa kuituma siku mbili. Alilipa, akasema asante, hajanitafuta tena mpaka leo.

Sasa mtu wa Mombasa mtandao ukiwa mbaya ana jibu lake tayari: kebo ya baharini imekatika. Na si jibu la kijinga. Hizi kebo zatua kwetu. TEAMS, iliyotoka Fujairah kule Imarati, ilizinduliwa hapo Fort Jesus Juni 2009, Rais Kibaki akiwepo. Kutoka mlangoni kwetu naenda kwa miguu. SEACOM ikaanza kazi mwezi uliofuata, EASSy mwaka 2010. Na kukatika zakatika kweli. Februari 2012 nanga ya meli iliikata TEAMS karibu na bandari yetu hapa hapa. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja huko kusini, na nyote mwakumbuka ile wiki ilivyokuwa. Kwa hivyo nikajiambia ni bahari. Nikatoa na posti ya kulalamika, mkanipa pole nyingi, asanteni.

Lakini kebo ya baharini ikikatika, yakatika kwa kila mtu. Simu zalia, benki yalia, jirani alia. Mimi nilikuwa nalia peke yangu na sikujiuliza kwa nini.

Baada ya bahari nikahamia kampuni. Nikawapigia mara tatu, wakaniambia laini yako iko sawa, wakaniambia zima ruta uwashe. Nikawaona waongo. Baada ya kampuni nikahamia chini ya ngazi.

Khalati ana mwanawe Muscat, mwaka wa nne sasa, yuafanya kazi huko. Kila usiku baada ya isha wapigiana simu ya video. Saa nzima, wakati mwingine zaidi, mpaka namsikia akicheka. Na mimi wakati huo huo ndio napandisha video. Kichwani mwangu hesabu ikawa rahisi: yeye yuapiga simu, mimi nakwama. Sikuuliza. Simu ya video kama ile yala megabiti moja, mbili, tatu ikizidi sana. Kati ya 30! Hiyo hesabu naijua, naifundisha kwenye chaneli. Lakini ukishamtia mtu hatiani moyoni, hesabu huifanyi.

Usiku mmoja wa Jumatatu nikabadilisha paswadi ya waifai. Sikumwambia. Nilijiambia ni kwa siku chache, nimalize kazi, halafu nitasema ruta ilijibadilisha yenyewe.

Siku tatu. Na siku zote tatu video zangu zilikwama vilevile, manake tatizo halikuwa yeye. Hapo ndipo pananiuma zaidi, tukizungumzia ufundi tu. Nilikuwa nimefanya jaribio safi kabisa bila kujua: nimemtoa kila mtu kwenye mtandao nikabaki peke yangu, na kompyuta yangu ikaendelea kujikokota. Jibu lilikuwa mezani siku ya kwanza. Sikulitazama kwa sababu halikuwa jibu nililolitaka.

Alhamisi nikakutana naye ngazini. Nikamwambia masalkheri khalati, akaitika, lakini hakuniangalia usoni. Akafungua pochi akanipa noti ya elfu. "Hii chukua kwanza, mwanangu. Iliyobaki Ijumaa inshallah, usiniwekee moyoni."

Sikuelewa. Halafu nikaelewa. Mwezi ule alikuwa hajanipa nusu yake ya bili, mimi hata nilikuwa nimesahau. Yeye akadhani nimemkatia kwa ajili ya pesa. Kabla ya hapo alidhani simu ndiyo mbovu, akaipeleka kwa fundi, akalipa 500 ya kuangaliwa. Na usiku wa kwanza kabisa, kabla ya kudhani lolote kuhusu simu au pesa, alidhani mwanawe ndiye amepatwa na jambo. Alikaa na simu mkononi mpaka usiku wa manane. Bando hanunui, asema laisha kabla ya salamu kwisha. Yote hayo aliniambia pale pale ngazini, kwa sauti ya chini, kama yeye ndiye mwenye makosa.

Nilimrudishia ile noti, nikamwandikia paswadi mpya kwenye simu yake, nikapanda juu. Kusema kweli sikuweza kumwambia siku ile.

Nilichofanya ni kukaa chini na ile kompyuta kama nilivyopaswa kukaa nayo mwezi wa kwanza.

Kwanza nikachukua simu yangu nikaenda kukaa ngazini kando ya ruta. Nikapima: 28, 29, tena 28. Kwa hivyo kampuni yaleta, na ruta yatoa. Bahari, kampuni, ruta na khalati wote wakatoka kesini kwa dakika moja. Kumebaki mita 20 za waya na kompyuta yenyewe.

Halafu nikafungua ile dirisha nyeusi ya amri, nikaandika ping 192.168.1.1, ndiyo anwani ya ruta yetu. Kuuliza tu: upo? Kwa waya, jibu lafaa kurudi ndani ya milisekunde moja, mbili. Kompyuta ikiwa imetulia, yakarudi hivyo hivyo, moja, moja, mbili. Ningeishia hapo ningesema waya mzima, kadi nzima. Lakini nikaanza kupandisha video huku ping yaendelea, na hapo nikaona sinema: 1, 1, 90, 400, halafu hakuna jibu, hakuna jibu, 2, 310. Yaani kompyuta yangu ilikuwa yapoteza ujumbe kabla haujatoka nyumbani. Nikajaribu na netstat -e, amri inayohesabu yanayopita kwenye kadi, na safu ya makosa ilikuwa yapanda kila nikiongeza mzigo.

Windows nayo ilikuwa yaniambia kitu ambacho sikukizingatia: muunganisho wangu ulikuwa wa megabiti 100, wakati kadi na ruta zote zaweza giga moja. Hapa nilidhani nimeshampata mwizi. Giga moja yahitaji nyaya zote 8 zilizo ndani ya ule waya. Megabiti 100 zatosheka na 4, ile ya 1, ya 2, ya 3 na ya 6. Ukikatika mmoja kati ya zile nyingine, mara nyingi kadi hushuka yenyewe mpaka 100. Nikakata vichwa vyote viwili nikafunga vipya. Tundu la kompyuta nikaliangalia kwa tochi, lilikuwa na kijani kijani, huku kwetu hewa ya chumvi haibakishi chuma. Nikalisafisha kwa spiriti na mswaki. Nikawasha.

100, na makosa yaleyale.

Nikamwita fundi mmoja ninayemjua. Akasikiliza, akasema kadi imekufa, hizi za kwenye ubao zafa na umeme, nunua nyingine ya kuchomeka, 1,500. Na hebu sikilizeni hapa. Ningekuwa na hiyo 1,500 siku ile ningeinunua, na ingefanya kazi. Tatizo lingeisha pale pale. Fundi angekuwa na haki, mimi ningemsifu kwenye posti, na sote wawili tungekuwa tumekosea. Nitawaeleza kwa nini.

Pesa sikuwa nayo. Nikaazima laptopu ya mtoto wa ami yangu, nikaichomeka kwenye ule ule waya. Giga moja, na intaneti 29. Waya basi ni mzima. Nikachukua flashi yenye Linux, nikaiwasha kompyuta yangu kwa hiyo flashi bila kugusa Windows. Kadi ileile, tundu lilelile, waya uleule. Giga moja. Video ikapanda yote bila kusimama, nami nimekaa naitazama kama mtu anayetazama sufuria ichemke.

Kadi haikuwa imekufa. Kadi ilikuwa nzima muda wote. Kitu kilikuwa ndani ya Windows, na Windows yangu hakuna anayeigusa ila mimi.

Nikarudi, nikafungua "Device Manager", nikaingia kwenye kadi ya mtandao, sehemu ya mambo ya ziada, nikateremka mpaka palipoandikwa "Speed & Duplex". Palikuwa pamewekwa "100 Mbps Full Duplex". Kwa mkono.

Nilikaa pale kitambo. Ile skrini nilikuwa naijua. Ile skrini ndiyo picha ya mbele ya video yangu, na mshale mwekundu.

Sasa nieleze ufundi wake, manake kuna wenzangu wengi wameweka hivyo. Kadi ya mtandao na ruta zikiunganishwa kwa waya, jambo la kwanza zafanya ni kuelewana. Kila moja yasema yaweza spidi gani, na kama yaweza kutuma na kupokea kwa pamoja au lazima zipokezane zamu. Halafu zachagua lililo bora ambalo zote mbili zaliweza. Yachukua sekunde chache, hakuna anayeona. Ukiilazimisha kadi kwenye 100 ya njia mbili, kadi nyingi hunyamaza, haziongei tena. Ruta yaweza kuhisi kwenye waya kwamba mwenzake yuko kwenye 100, lakini kama ni njia mbili au moja, hilo halihisiki, lazima iambiwe. Isipoambiwa, kanuni yataka ichukulie ni njia moja.

Wanaovijua vichochoro vya huku watanielewa haraka. Kuna pahali mkokoteni mmoja ukiingia, wa pili husubiri nje mpaka wa kwanza utoke. Ruta yangu ilidhani iko kichochoroni: yachungulia, ikiona kuna anayekuja yasimama, yarudi nyuma. Kompyuta yangu ilidhani iko Digo Road, yaendesha tu. Kukiwa kweupe hakuna shida, ndiyo maana ujumbe na kurasa ndogo zilipita. Mzigo ukizidi zagongana, pakiti zavunjika, zatumwa upya, zagongana tena. Na ndiyo maana kadi mpya ya 1,500 ingeponya: ingekuja na mpangilio wake wa kiwandani, wa kuelewana yenyewe. Ningelipa kadi ili nifute kosa la kubofya mara moja.

Nikabofya "Auto Negotiation". Kwisha. Miezi yote ile, khalati na simu yake kwa fundi, kumbe ni mstari mmoja.

Sasa kuhusu video. Mle ndani nawaonyesha kipimo cha kabla, 6, nabadilisha ile "Speed & Duplex", halafu kipimo cha baada, 17. Mlishangilia sana kwenye maoni. Jana nimeitafuta ile rekodi ya asili kwenye diski nikatazama saa kwenye kona ya skrini. Kipimo cha kwanza ni saa mbili na nusu usiku, mtaa mzima uko mtandaoni. Cha pili ni saa nane usiku, watu wamelala. Na kumbuka nilikuwa natumia kidude cha USB. Kadi niliyoibadilisha mpangilio siku ile haikuwa hata na waya! Nilibadilisha kitu kisichofanya kazi yoyote, nikasubiri watu walale, nikawauzia usingizi wao kama ujuzi wangu. Sikufanya makusudi, wallahi. Nilipima mara moja, nikapata nambari niliyoitaka, nikawahi kupandisha. Halafu mpangilio ukabaki pale ukingoja siku nitakayochomeka waya.

Nafikiri hivi ndivyo zinavyotengenezwa nyingi za hizi video zetu za "siri ya spidi". Spidi yenyewe yapanda na kushuka mchana kutwa bila kuombwa, kwa hivyo chochote utakachobofya, kuna saa kitaonekana kimesaidia. Badilisha hiki, futa kile, andika amri hii. Anayefanikiwa aandika "imefanya kazi bro", na wewe wasoma hayo tu. Mimi nilirudi kusoma maoni yote kabla ya kufuta. Kuna watu 9 walioandika kwamba baada ya kufuata, mtandao wao umekuwa mbovu. Niliwajibu wanne. Wote niliwaambia ni kampuni yao.

Hao 9 nimewaandikia mmoja mmoja. Na wewe ambaye hukuandika: fungua "Device Manager", kadi ya mtandao, "Advanced", "Speed & Duplex", rudisha "Auto Negotiation". Kama ni palepale palipokuwa, usiguse kingine. Na kama mtandao wako waenda sawa mpaka uupe mzigo mzito, piga ping kwenda kwa ruta huku mzigo waendelea, kabla ya kumpigia mtu yeyote simu ya kumgombeza.

Khalati nilishuka kwake Ijumaa na kumwambia yote, kwamba si pesa, wala si ruta, ni mimi niliyebadilisha paswadi, na nilichokuwa namshuku. Alininyamazia muda. Halafu akauliza, "Kwa hivyo ilikuwa ni mashine yako?" Nikasema ndiyo. "Na ungeniuliza?" Sikuwa na la kusema. Akanitilia kahawa. Ile 500 ya fundi nimemlipa, aliikataa mara mbili, ya tatu akapokea.

Lakini kuna kitu hakijarudi kama kilivyokuwa. Baada ya isha, kabla ya kumpigia mwanawe, husimama kwanza chini ya ngazi akaniita. "Watumia? Naweza kupiga?" Nshamwambia mara nyingi apige tu, mtandao ni wetu sote, hauna shida tena. Asema haya. Na jana usiku, nikiwa nafuta ile video, nikamsikia tena akiuliza.